Siku Mama Aliponikuta Nimefunga Jicho Zima

Nikianza habari hii huwa nasikia masikio yanapata moto, kwa hiyo mnivumilie nikiwa naangalia chini. Wengi wenu mmeshaisikia vipande vipande, na kila aliyewasimulia ameongeza chumvi yake (kuna mmoja kule mtaa wa Gerezani anasema nilivaa miwani nyeusi nikashika fimbo ya wasioona, huo ni uongo, fimbo niliyoshika ilikuwa ya pool), ndiyo maana nimeona bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa, aibu yote ikiwa ndani.

Mimi ni Elibariki, mnaniita Eli, nauza vyombo vya plastiki kwa jumla pale Mtaa wa Narung'ombe, ndoo, mabeseni, majagi, zile mali zinazoning'inia mlangoni mpaka mteja anaingia ameinama. Duka linalofuata ni la Salim, anauza manukato na udi, mababu zake walitoka Uarabuni lakini yeye kwao ni Kariakoo, amezaliwa ghorofani juu ya duka hilohilo. Mimi na Salim ni marafiki, na kilichotufanya tuwe marafiki ni pool, biashara ilikuja baadaye. Nyuma ya mtaa wetu kuna uchochoro wenye duka la juisi, na mwenye duka ameweka meza ya pool chini ya turubai, basi jioni tukishafunga tunaenda pale, hakuna pombe, ni juisi ya miwa na ubishi.

Ubishi wenyewe siku zote ulikuwa ni uleule: unalengaje. Salim alikuwa anaapa kwamba yeye haangalii mpira, anaangalia ule mng'ao mdogo wa taa juu ya mpira, anaupiga mng'ao na mpira unaingia shimoni wenyewe. Muuza mabegi mmoja wa pale jirani yeye alikuwa analenga mpira ambao haupo, anasema unawaza kuna mpira mwingine wa hewani umegusana na ule unaoutaka, sasa mweupe, ule unaopigwa na fimbo, unautuma ukakae pale pa ule wa hewani. Mwingine akishaweka fimbo sawa anageuza shingo kabisa anaangalia barabarani, ndipo anapiga, kwa maelezo kwamba macho yakikodoa sana mkono unaingiwa na woga. Na kila mmoja akiingiza mpira anasema mmeona, akikosa anasema mmenipigia kelele.

Mimi sikuwa na mtindo. Nilikuwa napiga tu, na mipira ya mbali ilikuwa inanikimbia, daima inapita upande mmoja wa shimo, mpaka jamaa wakawa wanasimama upande huo kuingojea. Ndipo siku moja nikiwa dukani hakuna mteja, nikakutana na video kwenye simu, mzungu mmoja mwenye kipara anaeleza kwamba kila binadamu ana jicho bosi. Yaani macho mawili hayako sawa, moja ndilo linaloamua na jingine linafuata. Anasema nyoosha kidole kwenye kitu cha mbali, fumba jicho moja, halafu jingine, lile ambalo ukiliacha wazi kidole hakihami ndilo bosi. Nikanyoosha kidole kwenye beseni jekundu la duka la mbele. Bosi wangu akawa wa kushoto. Sasa mimi napiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo (kwa hesabu za yule mwenye kipara) jicho la kulia lilikuwa linamwingilia bosi kazini. Dawa yake, ulifunge hilo la kulia kwa muda, kutwa nzima, mpaka la kushoto lizoee kuongoza peke yake.

Nikamweleza Salim, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mungu kakupa mawili," akasema, "wewe unamrudishia moja." Lakini jioni ile nikapitia duka la dawa, nikachukua pamba na plasta, nikaziba jicho la kulia, tukaenda mezani, na msiniulize ilikuwaje, mipira ya mbali ikaanza kuingia. Mmoja baada ya mwingine. Muuza mabegi akaacha kunywa juisi yake. (Baadaye nimekuja kujua kwamba mtu akianza kitu kipya huwa anapewa siku moja au mbili za bahati, halafu hali inarudi kama zamani. Lakini wakati ule nani angeniambia.)

Salim akaacha kucheka, akanivuta pembeni. Mbele yetu kulikuwa na mechi na Buguruni, mafundi wa gereji za kule, ambao mara iliyopita walitufunga wakaondoka na mbuzi wetu mtaa mzima ukiangalia, na safari hii mbuzi mwingine alikuwa ameshatafutwa, na mimi nilikuwa nimepangwa kucheza wa mwisho, na kiongozi wao, Chande. "Usimwambie mtu habari ya bosi," Salim akasema. "Buguruni wakijua, watakuja wote wamefunga macho." Tukakubaliana hivyo. Pale juisi tukasema ni mzaha tu wa siku moja.

Kesho yake asubuhi nani anaingia dukani ameinama chini ya mandoo? Chande. Alikuja kutafuta ndoo za gereji. Jitu refu, mikono ina oili mpaka kwenye viwiko, sauti ya upole ambayo huitegemei. Akanitazama.

"Eli, jicho limefanyaje?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema nafanya mazoezi, ningesema nimepigwa na mlango, ningesema chochote. Nikasema, "Linanisumbua kidogo."

Uso wake ukabadilika. Akaniambia mzee wake alikuwa fundi wa kuchomelea, cheche moja iliingia jichoni, akasema itapita, haikupita, na mpaka leo upande ule haoni. "Usilipuuzie, ndugu yangu," akasema. Akachukua ndoo zake, na kabla hajatoka akarudi kunishika bega. Nikabaki na alama ya oili kwenye shati.

Basi ikawa siwezi tena kulifungua jicho hata nikiwa dukani, kwa sababu binamu yake Chande anasukuma mkokoteni palepale mtaani na anapita mlangoni kwangu kutwa nzima. Hata pale juisi nikawaambia mzaha umegeuka, jicho limeanza kuuma kweli. Siku chache baadaye akaja mteja wangu wa Moshi, Mama Aika, ambaye hushuka Kariakoo kufunga mzigo na anatoka kijiji kimoja na mama yangu. Naye akauliza. Na binamu yupo pale anapakia mabeseni yake Mama Aika. Nikasema linasumbua. Nikaongeza, "Wananifanyia uchunguzi." Kwa nini nilisema uchunguzi sijui, neno lilikuja lenyewe, lilikuwa na uzito mzuri. Mama Aika akatikisa kichwa kwa kunisikitikia, akaondoka na mzigo wake. Mpaka basi linafika Moshi, uchunguzi ulikuwa umeshakuwa upasuaji.

Mama akapiga simu jioni. Nilikuwa pale juisi, na bahati yangu ilivyo, Chande na wenzake walikuwa wamekuja kuiangalia meza kabla ya mechi. Nikapokea huku wote wamenizunguka.

"Eli," mama akasema, "ni kweli?"

Chande alikuwa ananitazama machoni, yaani jichoni, na huruma yote ya mzee wake iko usoni pake. Nikasema, "Ni kweli mama, lakini si kubwa."

Nikasikia kiti cha mbao kinalia, nikajua amekaa chini. Halafu akasema, "Nakuja," akakata.

Mtasema ungempigia ukiwa peke yako. Nilipiga. Simu yake inatumika. Nikapiga tena, inatumika, alikuwa anawaambia shangazi zangu wote. Nilipompata kesho yake akaniambia mchungaji ameshanitaja kanisani, na wamama wa jumuiya wameshagawana siku za kuniombea. Sasa mtu anaanzaje pale? Angerudi vipi kwa mchungaji akamwambia mtoto wangu alikuwa anacheza? Nikajitengenezea mpango: mama atakuja, mechi ya Jumapili itapita, Jumatatu nitafungua plasta, nitasema dawa zimefanya kazi, atarudi Moshi na furaha yake na hakuna atakayeumia. Nilimweleza Salim. Salim akasema, "Mwambie mama yako ukweli." Nikamjibu Jumatatu si mbali.

Mimi nimepanga Ilala, chumba kimoja, na mwenye nyumba wangu ni Bi Zuhura, mjane, mtu wa sala zake tano, anaishi chumba cha mbele. Aliposikia mama anakuja kwa ajili ya jicho akaniita kibarazani kwake. Mkononi alikuwa ameshika kichupa kidogo. Akasema ni maji ya Zamzam, marehemu mumewe alikuja nayo kutoka Makka, na yeye ameyahifadhi miaka yote kwa ajili ya siku yake ya kufa. "Lakini mimi nimeshaishi," akasema. "Wewe bado una kazi na jicho." Nikamwambia bibi usifanye hivyo, kweli, usifanye. Akadhani naogopa kuumia. Akaniinua kidevu, akabandua upande mmoja wa plasta, nikafumba jicho kwa nguvu zangu zote ili asilione lilivyo zima, na akayapitisha maji yale kwenye kope huku midomo yake inasoma. Yalikuwa ya vuguvugu. Halafu akanibandika plasta vizuri kuliko ilivyokuwa.

Jumamosi nikaenda kumpokea mama stendi ya Mbezi. Alishuka na begi moja na kiroba cha karoti. Kiroba kizima, karoti za shambani kwetu, zina udongo bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akanigusa shavu chini ya plasta, hakugusa plasta yenyewe. Hakulia. Alisema tu nimekonda, na mimi sikuwa nimekonda.

Njia nzima nilikuwa naitafuta sentensi. Nilisema nikifika ndani tutakuwa wawili nitamwambia. Tulipofika, Bi Zuhura alikuwa ameshapika, na wanajumuiya wa Ilala walikuwa wameshakaa kwenye mkeka wananingoja (mama alikuwa amewapata kwa simu kupitia mchungaji wa kule), basi nikaombewa, nikiwa nimepiga magoti katikati, mikono ya watu kichwani, na mmoja wao, baba mtu mzima, aliomba huku sauti yake inakatika. Baada ya hapo nikapewa karoti. Nilizila mbichi, nilizila za kuchemsha, mama ananiangalia kila ninapotafuna.

Jumapili asubuhi nilipoamka mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mimi nikiwa chini kwenye jamvi, na yeye alikuwa ameziba jicho lake la kulia kwa kiganja, anaangalia dirisha, anaangalia mlango, ananiangalia mimi. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nilikuwa najaribu kuona unavyoona," akasema.

Ningesema pale. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Bi Zuhura akagonga mlango na chai, na mdomo ukaenda kwenye chai.

Nilijua mama hatakubali niende kwenye mechi, nikamwambia nimeahidi watu, ni mchezo mfupi, sitachelewa. Akafikiri. Akasema, "Basi tunaenda wote, usije ukapigwa na mpira hilo jingine." Kwa hiyo mchana ule, Kariakoo maduka mengi yamefungwa na barabara zinapitika, mimi nikaingia kwenye ule uchochoro na mama yangu amevaa kitenge cha kanisani, na Bi Zuhura naye amevaa baibui lake, kwa sababu alisema hawezi kumwacha mgeni aende peke yake sehemu asizozijua.

Watu walikuwa wamejaa. Buguruni walikuja wengi, sisi tulikuwa wengi zaidi, na mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya turubai anakula makapi ya miwa. Mama na Bi Zuhura wakapewa viti vya mbele. Chande akaja moja kwa moja kwa mama, akainama, akatoa shikamoo, akasema, "Mama usiwe na wasiwasi, sisi na Eli ni ndugu, hapa ni mchezo tu." Mama akamshika mkono wenye oili kwa mikono yake miwili. Salim alikuwa amesimama nyuma yao, na alikuwa ananiangalia kama mtu anayeangalia ajali ya pikipiki inavyokuja kutoka mbali.

Meza za mwanzo, yaani michezo ya mwanzo, zikaenda huku na huku, wao wakishinda sisi tunarudisha, na kama nilivyoogopa, ikabaki meza yangu kuamua. Joto la siku ile mnalijua ninyi wenyewe, lile la kabla ya mvua, turubai linashusha moto chini. Nikaanza mimi, nikaivunja ile pembetatu ya mipira. Na ile bahati ya siku za mwanzo, hamna. Jicho bosi halikuona chochote. Mpira wa karibu nauona uko mbali, wa mbali nauona uko karibu, fimbo inakwangua mpira mweupe pembeni inateleza, na safari moja nikaupiga mweupe ukaingia shimoni wenyewe kama una haraka. Kwa sheria ilikuwa zamu ya Chande na mpira mweupe mkononi, auweke anapotaka. Akautoa shimoni, akauweka mbele yangu.

"Rudia," akasema.

Wenzake wakaguna. Akawatazama, wakanyamaza. Mama akasema kwa sauti ya chini, lakini uchochoro wote ulisikia, "Mungu akubariki mwanangu." Hakuniambia mimi.

Akaniachia tena mara nyingine, mpira ambao hata mlevi angeuingiza yeye akaupiga taratibu ukasimama mdomoni mwa shimo, na sote tuliojua mchezo tuliona ameuacha makusudi. Kwa huruma hiyo nikajikuta nimesogea, nimesogea, mpaka imebaki mipira miwili tu mezani, mweupe na mweusi. Mweusi uko karibu na shimo la kati. Nikiuingiza, mbuzi anabaki Kariakoo.

Nikainama. Nikawa nasikia mbuzi anavyotafuna. Jasho lilikuwa linanitiririka kutoka kwenye nywele linapita chini ya plasta, na plasta ilikuwa imeanza kuachia tangu muda, upande wa pua ulikuwa umeshabanduka, nikawa naivumilia, nasema nipige hii moja tu. Nikarudisha fimbo nyuma. Plasta ikaanguka. Ilianguka na pamba yake juu ya kitambaa cha kijani, karibu kabisa na mpira mweupe, na mimi nimeinama palepale, macho yangu mawili wazi, mazima, yanaangaza.

Nikasikia kiti kinasogezwa.

"Eli." Mama alikuwa amesimama. "Unaniona?"

Ningeweza kufumba. Ningeweza kujifanya linauma. Lakini alikuwa ananitazama vile, nikasema, "Nakuona mama."

"Kwa hilo?"

"Kwa hilo."

Mama akapiga magoti. Kwenye ule uchochoro, kwenye maganda ya miwa, na kitenge chake cha kanisani, akainua mikono akaanza kumshukuru Mungu, na sauti yake, mnajua mama yangu ana sauti ndogo, siku ile haikuwa ndogo. Bi Zuhura naye akawa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, yale maji. Na watu wakaanza kunong'ona muujiza. Muuza mabegi akavua kofia. Chande akaweka fimbo yake chini, akasema taratibu, "Mimi nimeshuhudia kwa macho yangu," na nikaona anahangaika kuzuia uso wake, na nikajua anamfikiria nani.

Hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza siku hiyo, kuogopa kwenyewe. Mpaka dakika ile nilikuwa naogopa kukamatwa. Sasa nikaona kwamba sitakamatwa. Ilikuwa imebaki ninyamaze tu. Mama angerudi Moshi angesimama kanisani akashuhudia, Chande angempeleka mzee wake kwa waombaji wale wa Ilala, na mimi ningekuwa mtu niliyeponywa, mpaka nakufa. Nilimtafuta Salim kwenye ule umati. Hakutikisa kichwa wala nini. Aliangalia pembeni tu.

"Mama," nikasema. "Inuka mama. Jicho halikuwa linaumwa."

"Lilikuwa linaumwa, sasa limepona."

"Halijawahi kuumwa."

Mikono yake ikabaki juu. "Sasa ulilifunga la nini?"

"Nilikuwa nalenga."

"Unalenga nini?"

Nikaionyesha meza kwa fimbo. "Mipira, mama."

Jamani, mimi nimesimama mbele ya watu wa Buguruni, watu wa Kariakoo, mama yangu mzazi amepiga magoti, nikaeleza habari ya jicho bosi. Nilieleza yote. Video, mzungu mwenye kipara, kidole, beseni jekundu. Nilinyoosha hata kidole kuonyesha. Na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa ya kijinga, nikawa nasikia mwenyewe, lakini sikujua pa kusimamia. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Halafu mwingine. Halafu uchochoro mzima ukalipuka, watu wanashikana mabega, mwenye juisi ameegemea mashine yake analia, na nikitaka kuwa mkweli ningekuwa upande wao ningecheka zaidi yao.

Watu watatu hawakucheka. Mama alisimama, akapangusa magoti, akauliza, "Kwa hiyo mchungaji, na jumuiya, na huyu bibi wa watu, sote tumeombea mchezo?"

"Ndiyo mama."

Akarudi kwenye kiti chake akakaa, mkoba kwenye mapaja. Bi Zuhura akamshika mkono.

Wa tatu alikuwa Chande. Alingoja kelele zishuke. "Nilikuachia mpira nikijua huoni," akaniambia.

"Nisamehe, Chande."

"Nimekusamehe. Sasa piga, tumalize. Macho yote mawili."

Nilimwambia nakubali nimeshindwa, mbuzi mchukueni. Akakataa, akaiokota ile plasta kwa kucha mbili akaitupa, akanionyesha meza. Nikainama tena. Mweusi ulikuwa palepale, karibu, mtoto wa shule angeuingiza. Nikapiga. Mweusi ukaingia shimo la kati vizuri kabisa, safi, na mweupe ukaufuata nyumanyuma, taratibu, ukasimama mdomoni kama unaaga, ukaingia nao. Kwa wasiojua mchezo, hapo umefungwa. Buguruni wakamfungua mbuzi.

Tulirudi Ilala kwa miguu kwa sababu mama alisema anataka kutembea. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tulipofika Msimbazi akasema leo hii kabla jua halijazama nitapita kwa kila aliyeniombea, mwenyewe, na atanisindikiza mpaka mlangoni lakini haingii. Nikapita. Wengine walicheka, wengine walinifungia mlango taratibu, yule baba aliyeomba kwa sauti ya kukatika alinisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kama nimekula. Kwa Moshi nikapiga simu, mchungaji akasema atatafuta namna ya kulitangaza, na nikasikia kabisa kwamba alikuwa anauma midomo asicheke.

Bi Zuhura nilimwacha wa mwisho. Nilikaa chini kibarazani kwake, na yeye alikuwepo kila kitu kakiona, kwa hiyo hakuningoja nianze. "Maji yamekwisha," akasema, "na dua nimeshaisoma, siwezi kuiita irudi. Kaa nayo." Akaendelea kuchambua mchele wake. Kodi hakupandisha, na salamu yangu anaitikia, lakini mpaka leo nikipita mbele yake nalisikia jicho la kulia kama limebeba kitu.

Basi tangu siku ile nimeapa, na ninyi ni mashahidi: mtu akiniuliza kitu cha mwili wangu najibu kilivyo, hata kama ni mbele ya Buguruni yote, na nikimdanganya mtu kidogo tu kwa ajili ya ushindi, basi nimdanganye asiyekuwa na njia ya kumpigia simu mama yangu. Chande bado ananunua ndoo kwangu. Anapoingia huwa ananyoosha kidole kwenye beseni, anafumba jicho moja, halafu jingine, na mimi namfungia mzigo wake.

Mama aliondoka Jumanne. Nilimsindikiza stendi asubuhi, nikambebea begi, nikamtafutia kiti cha dirishani, akakaa mpaka basi likawashwa. Ndipo akafungua kioo kidogo akaniita nisogee.

"Hiyo kulenga kwa jicho moja," akasema, "inasaidia au haisaidii?"

"Haisaidii, mama."

Akatazama mbele, kwenye kisogo cha dereva. "Angalau ingesaidia," akasema, akafunga kioo.